Naomba ushauri: wanaozungumza kwenye mijadala ya tabianchi ni wale wale

Habari zenu ndugu. Naendesha mijadala ya wananchi kuhusu athari za mabadiliko ya tabianchi, na kuna jambo linaninyima usingizi. Mkutano uliopita mama mmoja mzee alisimama, akaweka kiganja ukutani kuonyesha maji ya mafuriko yalipofika nyumbani kwake. Hajamaliza, mtaalamu akamkatiza: "Hilo tumeshalihesabu." Mama akaketi, hakufungua mdomo tena. Wanawake wenzake nao kimya. Muhtasari ukaandikwa kwa maneno ya mtaalamu na ya mwenye mashamba makubwa.

Najua Ufaransa mwaka 2019 walipata wananchi 150 kwa bahati nasibu wajadili tabianchi, tena kwa posho. Ni hatua nzuri, lakini bahati nasibu inakufikisha ukumbini tu, haikupi ujasiri wa kumjibu mwenye shahada.

Nawaza kuanza na vikundi vidogo bila wataalamu, wao waje baadaye kujibu maswali ya wananchi. Kuna aliyejaribu? Na huyu mkatizaji, nimkanye hadharani au nimvute pembeni? Tunakutana tena baada ya wiki mbili, na natamani sana yule mama arudi.