Naomba ushauri: parseki 12 nizieleze vipi?

Mzee wa Diski: Wakuu, salaam. Katika filamu ya Star Wars ya mwaka 1977, rubani Han Solo anajisifu kwamba chombo chake cha angani kilimaliza safari ya Kessel kwa chini ya parseki 12. Parseki ni kipimo cha umbali, kiasi cha miaka ya nuru 3.26 (mwaka wa nuru ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mmoja), kwa hiyo ni sawa na dereva wa daladala kujigamba kuwa ana mbio kwa sababu amefika Posta kwa kilomita 12. Naomba nadharia itakayosimama kabla ya Jumamosi, kwani usingizi umenipaa.

Kipimapembe: Jibu lilikwishatolewa. Filamu ya Solo ya mwaka 2018 inaonyesha kwamba njia ya kawaida ni parseki 20, naye Han alikatiza mahali pa hatari. Lakini Jumamosi kuna nini?

Mtu wa Tandika: Mimi hunikera zaidi Star Trek, ile tamthilia ya televisheni ya safari za angani. Mashine yao ya kuhamisha watu papo hapo ilibuniwa kwa sababu kuonyesha chombo kikitua kila wiki kungekula fedha nyingi, na tangu mwaka 1966 sisi mashabiki tunahangaika kueleza kwa nini mashine inayoweza kumuunda mtu upya haitumiki kumponya kila mgonjwa. Nilibishana na shemeji yangu jambo hilo hadi pilau ikapoa.

Kipimapembe: Mleta uzi, hujajibu kuhusu Jumamosi.

Mzee wa Diski: Nitasema. Mimi huingiza sauti ya Kiswahili kwenye filamu, nazo huonyeshwa katika kibanda umiza cha jirani. Ile ya 1977 niliitafsiri "chini ya saa kumi na mbili". Jumamosi tunaonyesha ya 2018, ambayo bila parseki haieleweki, na tayari nimewaambia vijana kwamba huko angani saa ni kipimo cha umbali. Sioni kosa: muulize mkazi yeyote wa Mbezi ni mbali kiasi gani hadi Kariakoo, naye atakujibu "saa mbili, kukiwa na foleni".

Bi. Mwanahawa: Mwanangu, sema ulikosea. Uongo mmoja huzaa mwingine, na hao ni watoto wa watu.

Mzee wa Diski: Shikamoo mama. Si uongo, ni nadharia, na watengenezaji wenyewe walifanya hivyohivyo baada ya miaka 41.

Konda Mstaafu: Nadharia ya foleni naiunga mkono kwa uzoefu wa kazi.

Kipimapembe: Samahani, nina shaka na kisa chote. Mtu anayejua 3.26 hadi desimali hawezi kutafsiri parseki kuwa saa. Isitoshe, kibanda umiza ninachokijua mimi hujaa kwa mpira na ngumi, si kwa vyombo vya angani.

Mzee wa Diski: Hiyo 3.26 nimeijua wiki iliyopita tu. Kijana wa kidato cha tatu aliniandikia hesabu nzima kwa penseli nyuma ya kasha la diski, akazidisha kwa 12, akapata miaka ya nuru 39, kisha akaniuliza mbele ya watu chombo kilikimbiaje kuishinda nuru kwa saa kumi na mbili.

Kipimapembe: Lipige picha hilo kasha utuwekee hapa.

Mzee wa Diski: Kasha analo yeye.

Konda Mstaafu: Basi huyo kijana ndiye angefungua uzi.