Mnaowaambia waliokosa MD "omba tena mwakani", mnawapotezea watoto wa watu muda

Wakuu, salaam. Leo sitapamba maneno.

Kila dirisha la udahili likifungwa, vijana wa PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) waliokosa MD, yaani shahada ya udaktari, wanamiminika humu kuomba ushauri, na jibu ni lile lile: "Usikate tamaa mdogo wangu, omba tena mwakani." Mdogo wako anakaa nyumbani mwaka mzima, anatuma matokeo yale yale kwa vyuo vile vile, anatemwa kwa sababu ile ile. Mfumo wa chuo haujui kwamba mwaka jana uliomba. Hakuna pointi za uvumilivu.

Na wengi wenu mnaoshauri hamjawahi kufungua mwongozo wa udahili wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu). Upo bure, tena iko miwili: mmoja wa waliomaliza kidato cha sita, mwingine wa wenye sifa linganishi, kama diploma. Kila kozi imeandikwa vigezo vyake na idadi ya nafasi. Mnasoma nini kabla ya kujibu?

Tuanze na divisheni, maana hapo ndipo wanapoumia wengi. NECTA (Baraza la Mitihani) wanahesabu A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5, S ni 6 na F ni 7. Jumla ikiwa ndogo ndiyo nzuri. TCU wanakwenda kinyume: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, S ni nusu. (Waliomaliza 2014 na 2015 wana jedwali lao, msiwachanganye na wengine.) GS (masomo ya jumla) na BAM (hisabati ya msingi) hazimo kwenye hesabu hiyo. MD inataka prinsipo (ufaulu wa A hadi E) tatu za Fizikia, Kemia na Biolojia, kila moja D kwenda juu, jumla isipungue pointi 6.

Sasa mchukue binti mwenye A ya Biolojia, C ya Kemia na E ya Fizikia. Kwa NECTA ni 1+3+5, wani ya 9, yaani daraja la kwanza. Nyumbani kuku wamechinjwa, shangazi kashatangaza daktari kwenye kundi la ukoo. MD hapati. Ile E imemtoa kabla ushindani haujaanza. Jirani yake mwenye D tatu, daraja la pili la pointi 12, anaruhusiwa kuomba. Mwenye B mbili na S ya Fizikia ana pointi 8.5 na bado yuko nje, kwa sababu S si prinsipo. Halafu mtu anakuja humu kumwambia mwenye wani "wamekuonea, omba tena". Nani kamwonea? Somo moja limemwangusha, na hilo ndilo la kushughulikia.

Kwa hiyo swali la kwanza kumuuliza kijana ni hili: hukukidhi vigezo, au ulikidhi ukazidiwa? Haya ni magonjwa mawili tofauti na nyie mnatoa dawa moja.

Aliyezidiwa ana la kufanya bila kurudia mtihani, na tena mwaka huo huo. Tangu mfumo wa pamoja wa TCU uachwe, kila chuo kinapokea maombi yake na kupanga waombaji wake. Kijana mwenye A tatu anachaguliwa Muhimbili, Bugando, KCMC na UDOM kwa mpigo, kisha anathibitisha kimoja. Vile vitatu vingine vinabaki na kiti kitupu, na viti hivyo ndivyo vinavyorudi awamu ya pili. Mwenye pointi 7 au 8 aliyetemwa awamu ya kwanza anatakiwa awe macho siku matokeo yanapotoka, atazame chuo gani kimetangaza kwamba MD bado ina nafasi, aombe hapo. Lakini wengi awamu ya pili wanarudia kuomba chuo kile kile chenye foleni ndefu kuliko vyote, wakifika awamu ya tatu MD karibu kote imejaa. Tena wanaweka MD peke yake, bila famasi, uuguzi wala maabara nyuma yake. Ukikosa MD mfumo hauna pa kukupeleka.

Na steshenari! Jamani steshenari. Kijana anaombewa chuo na mtu ambaye siku hiyo amejaza fomu za watu wengi na kote ameweka namba yake mwenyewe ya simu ili "asisumbuliwe". Aliyechaguliwa vyuo zaidi ya kimoja hutumiwa namba ya siri ya kukonfemu kwa SMS. Inaenda kwa nani? Kwa jamaa wa steshenari, ambaye laini kashabadilisha. Muda wa kukonfemu unapita, nafasi imepotea, na mzazi anaambiwa "mtoto hakuchaguliwa". Namba ya simu iwe ya mwombaji, barua pepe iwe ya mwombaji, nywila aiandike kwenye daftari lake. Na asibonyeze kuwasilisha kabla hajalinganisha namba ya mtihani ya kidato cha nne na ya sita, tarakimu kwa tarakimu, pamoja na mwaka.

Ambaye hakukidhi vigezo ana njia mbili za kweli.

Ya kwanza ni kureseti, yaani kurudia mtihani, kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mtihani ni Mei, matokeo kwa kawaida Julai, kwa hiyo ukifaulu unawahi awamu ya kwanza. Lakini dirisha la kujisajili linafunguliwa mwaka unaotangulia mtihani. Ukichelewa unalipa na faini, ukichelewa zaidi umekosa. Anayesubiri awamu ya tatu iishe ndipo aanze kuwaza kureseti anacheza pata potea. Anayetaka kurudia somo moja tu aulize kwanza chuo anachokitaka, kwa maandishi, kama kinaunganisha matokeo ya vikao viwili. Jibu la mdomo la mtu wa dirishani si jibu.

Hapa kuna utapeli mwingine: vituo vya tuisheni vinavyochukua wa kureseti bila maabara. Fizikia, Kemia na Biolojia kila moja ina karatasi mbili za nadharia zenye alama 100 kila moja na ya vitendo yenye alama 50. Mtahiniwa wa kujitegemea hana alama za maendeleo ya shule za kumbeba. Yule binti wa E, tuseme alipata 45 kwa mia, na kwenye vitendo alipata 20 kati ya 50. Akipandisha vitendo hadi 35, ameongeza alama 15 kati ya 250, yaani asilimia 6. Anafika 51, na D inaanzia 50. Hajagusa nadharia hata kidogo!

Sasa kituo kinamfundisha mita briji, jaribio la umeme la Fizikia, ubaoni kwa chaki. Titresheni, jaribio la Kemia la kupima vimiminika, anaisoma kwenye vitini, siku ya mtihani ndiyo mara yake ya kwanza kushika bureti. Anaandika 24 badala ya 24.00, usomaji wake unapishana kwa zaidi ya 0.2 na hajui kwamba anatakiwa arudie, grafu anaichora bila vizio. Kabla ya kulipa ada, mzazi aombe kuonyeshwa maabara, siyo bango la getini.

Njia ya pili ni diploma ya utabibu, miaka mitatu, kisha uombe MD kwa sifa linganishi: wastani wa B au GPA ya 3.5. Njia nzuri, ila kuna mtego ambao vyuo vya kati havitangazi. MD inataka pia angalau D ya kidato cha nne kwenye Hisabati, Kemia, Biolojia, Fizikia na Kiingereza. Kuingia diploma unahitaji Kemia, Biolojia na Fizikia, Hisabati hawakuulizi. Mtu anamaliza na GPA ya 4.2, anakwenda kuomba MD, F ya Hisabati ya kidato cha nne inamrudisha nyumbani. D ya kidato cha nne inaanzia alama 30 tu. Mwenye F hiyo ajisajili mtihani wa Novemba akiwa bado mwaka wa kwanza wa diploma, asisubiri amalize. Na akimaliza, afuatilie namba ya uhakiki ya NACTVET (baraza linalosimamia vyuo vya kati), ile AVN, kabla dirisha halijafunguliwa. Bila hiyo fomu ya chuo haisogei.

Mawakala wa "MD nje ya nchi hata ukiwa na E", nanyi nawaona mnavyonyemelea inbox za hawa watoto. Shahada za nje zinatathminiwa na TCU, na usajili wa kufanya kazi unatoka Baraza la Madaktari Tanganyika. Andikeni hapa hapa jina la chuo mnachopeleka na jinsi E hiyo itakavyopita huko kote. Uzi uko wazi.