Plastiki inavujia nyuma ya nozeli na kuzika hita: mashine ya tani 280, beseni la PP

mtambo280

Wakuu, habari za kazi. Naomba msaada kwenye uvujaji ambao umekuwa sugu.

Mashine ni ya kudunga plastiki kwenye moldi (injection), ya haidroliki, nguvu ya kufunga tani 280, skrubu ya milimita 60. Tunatoa beseni la kipenyo cha sentimita 30, uzito gramu 180. Malighafi ni PP (polipropilini) ya MFI 12 (kipimo cha wepesi wa plastiki kutiririka ikiyeyuka) iliyochanganywa na asilimia 30 ya plastiki iliyosagwa. Joto la bareli kuanzia upande wa hopa ni 190, 205, 215, 220, na nozeli 225. Presha ya kujaza bar 110 za mafuta, ya kushikilia bar 55 kwa sekunde 4. Bakipresha (presha inayoizuia skrubu inaporudi nyuma kupakia) bar 8, sakbeki (kuvuta skrubu nyuma kidogo ili presha ipungue) milimita 4.

Kila baada ya saa mbili au tatu plastiki inatokea mbele ya nozeli, inarudi nyuma na kufunika hita pamoja na waya wa thamokapo (kihisi cha joto). Hita ikiungua tunasimama. Kushoni (plastiki inayobaki mbele ya skrubu baada ya kusukuma) inaanza na milimita 8, baadaye inashuka mpaka 2, na beseni linaanza kukosa ukingo. Tukipandisha presha ya kushikilia, flashi (plastiki inayopenya kwenye maungio ya moldi) inatoka pembeni. Tumeongeza nguvu ya yuniti (sehemu yenye bareli na nozeli inayosogea) kubana moldi hadi mwisho wa uwezo wake, bado inavuja, na sasa bushi ya moldi (pale nozeli inapokalia) imebonyea. Moldi yenyewe imetoka kwenye mashine nyingine.

Tuanze wapi: nozeli, bushi au chekiringi (ringi ya mbele ya skrubu inayozuia plastiki kurudi nyuma)?

---

fundi_kerezo

Mkuu, kabla ya yote rudisha nguvu ya yuniti ilipokuwa. Kilichobonyeza bushi ni hiyo nguvu, na bushi iliyobonyea haizibi tena hata ukiibana vipi.

Nozeli na bushi huziba kwa chuma kugusana na chuma, hakuna gasketi pale. Kwa hiyo umbo ndilo linaloamua. Ncha ya nozeli ni duara, kikombe cha bushi ni duara, na duara la nozeli lazima liwe dogo kidogo kuliko la bushi, kwa nusu milimita hadi milimita moja. SR ni nusu kipenyo cha duara hilo kwa milimita: SR10 huingia kwenye SR11, SR15 huingia kwenye SR16 au 15.5. Hapo zinagusana katikati, kuzunguka tundu. Tundu la nozeli nalo liwe dogo kuliko la bushi kwa nusu milimita hadi moja, ili spru (plastiki inayoganda ndani ya tundu la bushi) isibaki na shingo nyuma inayoizuia kutoka.

Kukiwa kinyume, yaani nozeli ina duara kubwa kuliko kikombe, zinagusana kwenye mdomo wa kikombe tu, na katikati kunabaki uwazi unaojaa plastiki. Angalia hesabu yake. Bar 110 za mafuta kwa mashine nyingi ni kama bar 1,100 kwenye plastiki, kwa kuwa uwiano huwa karibu mara 10 (soma wa kwako kwenye kitabu cha mashine). Hiyo ni nyutoni 110 kwa kila milimita ya mraba. Mguso ukiwa kuzunguka tundu la milimita 4, eneo ni milimita za mraba 12.6, na plastiki inaisukuma yuniti nyuma kwa kilo 140 hivi. Mguso ukihamia kwenye mdomo wa kipenyo cha milimita 16, eneo linakuwa 201 na msukumo unafika tani 2 na robo. Yuniti inafunguka kidogo kila shoti (mdungo mmoja), plastiki inapenya, inaganda, na shoti inayofuata inakuta tayari kuna uwazi. Ndiyo maana inachukua saa kadhaa kabla hujaona bonge.

Pima hivi. Safisha ncha na kikombe kwa brashi ya shaba, usitumie patasi ya chuma. Moldi ikiwa imefungwa kwenye pleti, weka karatasi ngumu pamoja na karatasi ya kaboni juu ya bushi, leta yuniti mbele kwa presha ndogo, kisha irudishe. Alama ikiwa pete kamili karibu na tundu, umbo na mstari viko sawa. Pete kubwa ya nje maana yake duara halilingani. Ikiwa nusu mwezi, nozeli haiko katikati: kagua pete ya kukalisha moldi kwenye pleti, halafu mlalo wa yuniti na bolti za miguu yake. Fanya hivyo bareli ikiwa kwenye joto la kazi, kwa kuwa bareli ikipata joto hurefuka na yuniti hukaa tofauti na ilivyokuwa baridi.

Hakikisha pia plastiki inatokea wapi hasa. Toa kifuniko, washa tochi, tazama shoti tano. Ikitokea kwenye ncha, ni hayo niliyoeleza. Ikitokea kwenye meno ya nozeli au kwenye kichwa cha bareli nyuma yake, hilo ni jambo lingine: uso wa kukalia una plastiki iliyoungua au mkwaruzo. Hapo unafungua, unasafisha nyuso zote mbili mpaka ziwe na mng'ao, unapaka bolti grisi ya joto kali (usiipake kwenye uso wa kuziba), unakaza kwa msalaba kwa hatua tatu, kisha unakaza tena bareli ikiwa moto. Anayekaza ikiwa baridi peke yake atafungua tena wiki hiyohiyo. Na msiweke tepu ya tefloni kwenye meno. Haiwezi kuzuia bar 1,100, na ikikatika vipande vyake huingia kwenye plastiki.

---

bareli_na_skrubu

Naongezea upande wa kushoni, kwa kuwa naona dalili mbili zimechanganywa na huenda ni hitilafu mbili.

Skrubu ya 60 ikisogea milimita 1 inasukuma sentimita za ujazo 2.83. PP ikiwa imeyeyuka, hiyo ni gramu 2 na kidogo. Kushoni ikishuka kutoka 8 hadi 2, unapoteza gramu 12 au 13 kila shoti. Shoti mia ni zaidi ya kilo moja. Sasa pimeni bonge mnalobandua kwenye nozeli na mhesabu shoti zilizopigwa tangu kushoni ianze kushuka. Bonge likiwa gramu 200 tu kwa shoti mia, plastiki iliyobaki haikutoka nje, imerudi nyuma kupitia chekiringi.

Kuna njia ya kuthibitisha. Punguza dozi hadi shoti ijaze moldi na kubakiza milimita 10. Ongeza muda wa kushikilia uwe sekunde 10 au 15, mpaka geti (mlango wa plastiki kuingia kwenye beseni) iwe imeganda, kisha tazama namba ya mahali pa skrubu. Geti ikishaganda skrubu haina pa kwenda, inatakiwa itulie. Ikiendelea kutambaa mbele polepole na hakuna plastiki inayotoka kwenye ncha, chekiringi inavuja. Dalili ya pili ni skrubu kujizungusha kinyume wakati wa kusukuma: plastiki inayorudi hupita kwenye mifereji ya skrubu na kuigeuza. Weka alama ya chaki kwenye shafti nyuma, utaiona.

Ukiifungua, angalia vitu vitatu: ringi yenyewe (ufa au ukingo uliolika), kikalio chake nyuma, na ukuta wa bareli sehemu ambayo ringi inatembea. Wengi hubadilisha ringi na kuacha kikalio chenye mfereji, kisha wanashangaa mpya inavuja. Bareli ikiwa imelika pale mbele, ringi mpya ya kipimo cha kawaida haitasaidia. Pimeni kipenyo cha ndani kwa geji ya tundu kila sentimita 5 kutoka mdomoni mlinganishe na sehemu ya nyuma ambayo ringi haifiki.

Kwa mchanganyiko wenye asilimia 30 ya kusagwa, mara nyingi mhalifu ni kipande cha chuma au mchanga kilichokaa chini ya ringi. Wekeni sumaku kwenye hopa. Ni kitu cha bei ndogo kabisa kwenye mashine nzima na ndicho kinacholinda sehemu za bei kubwa.

---

mtambo280

Asanteni sana. Majibu ya vipimo:

Karatasi imetoa pete kubwa ya nje, milimita 16, na upande mmoja imekolea zaidi. Nozeli ni SR15, tundu milimita 4. Bushi ni SR11, tundu 3.5. Bonge lilikuwa gramu 950 kwa shoti 90 hivi. Skrubu ilitambaa kidogo tu, chini ya milimita 1 kwa sekunde 10, na alama ya chaki haikugeuka.

Nichonge bushi au nozeli? Na kuna udenda: yuniti ikirudi, nozeli inachuruzika uzi mrefu, hata sakbeki ikiwa 4.

---

fundi_kerezo

Basi jibu liko hapo: gramu 950 kwa shoti 90 ni zaidi ya gramu 10 kila shoti, karibu sawa na kushoni inayopotea. Chekiringi iacheni kwa sasa.

Chonga nozeli, usichonge bushi kwanza. Ukitaka bushi ya SR11 iwe SR16, itabidi ushuke zaidi ya milimita 1.3 mdomoni ili ufute kikombe cha zamani, na mdomo utapanuka hadi karibu milimita 20. Si kila bushi ina kichwa cha kutosha. Ncha ya nozeli inayofunguka ni rahisi kuibadilisha: weka SR10, tundu lile lile la 4. Halafu tundu la bushi lipanuliwe kutoka 3.5 hadi 4.5 au 5 kwa rima ya mteremko, lisitobolewe kwa dirili iliyonyooka, la sivyo spru itang'ang'ania. Mng'arisho wa ndani uende kwa urefu, kufuata spru inavyotoka, usiuzungushe.

Kubonyea kwa bushi kukizidi kiasi cha kukwaruza kucha, badilisha bushi. Upande mmoja kukolea ni mlalo: legeza bolti za yuniti, kalisha nozeli kwenye bushi mpya taratibu, kaza, rudia karatasi.

Ukishamaliza hayo, flashi itapungua bila kugusa nguvu ya kufunga. Eneo la beseni lako ni sentimita za mraba 707, na kwa PP ya ukuta wa kawaida huhitajika tani 0.3 hadi 0.4 kwa kila sentimita ya mraba, yaani tani 212 hadi 283. Mko ukingoni kabisa. Presha ya kushikilia mliyopandisha kufidia uvujaji ndiyo iliyofungua moldi. Irudisheni, na mahali pa kubadili kutoka kujaza kwenda kushikilia pawe beseni likiwa limejaa asilimia 95 hadi 98.

---

umeme_wa_viwandani

Kuhusu udenda, usikimbilie sakbeki. Ukiizidisha, nozeli inavuta hewa na beseni linatoka na michirizi ya fedha au vipovu karibu na geti. Kwa skrubu hiyo ningeishia 6 au 8.

Anza na joto halisi. Hita na thamokapo zimekuwa zikiungua na kubadilishwa, kwa hiyo swali langu ni moja: thamokapo mpya ni aina gani? Kidhibiti kikiwa kimewekwa aina ya J halafu mtu akafunga aina ya K, kitasoma chini ya ukweli. Ukitaka 225, kidhibiti kitasukuma hita hadi nozeli ifike karibu nyuzi 290 huku skrini ikionyesha 225. PP hapo inakuwa kama maji, inachuruzika na kunuka. Kwa alama za kimataifa, waya chanya wa J ni mweusi na wa K ni wa kijani. Alama za Kimarekani ni tofauti: J ni mweupe, K ni wa njano, na hasi ni mwekundu kwa zote mbili. Thibitisheni kwa kipimajoto cha sindano: piga plastiki nje kwenye kipande cha mbao, choma sindano katikati ya bonge mara moja, tafuta namba ya juu. Ikizidi nozeli kwa nyuzi 10 ni msuguano wa kawaida. Ikizidi kwa 40, tafuta kosa.

Kagua pia ncha ya thamokapo imegusa chini ya tundu lake. Ikining'inia hewani, au plastiki iliyovuja ikiisukuma nje, inasoma baridi na hita haizimi.

Joto likiwa sahihi, shusheni nozeli hadi 210, bakipresha 5, muone. Nyenzo iliyosagwa mara kadhaa huwa na MFI ya juu kuliko mpya, kwa hiyo siku mnayoongeza kusagwa, udenda nao unaongezeka bila mtu kugusa kitufe. Na ikiwa imeoshwa, ikaushwe: PP yenyewe hainywi maji, lakini maji yaliyoshika juu ya vipande hugeuka mvuke ndani ya bareli na kusukuma plastiki nje ya nozeli.

Nozeli ya kufunga kwa springi ingezuia udenda, ila kwa plastiki iliyosagwa yenye uchafu pini yake hukwama wazi au imefungwa. Kwa kazi hii singeiweka.

---

bareli_na_skrubu

Kabla hamjafungua hiyo ncha, jambo moja ambalo lisirukwe. Yuniti irudi nyuma kabisa, piga plastiki nje hadi bareli iwe tupu, kisha vuta sakbeki ili presha iishe. Nozeli ikiwa imeziba huku bareli ina joto, gesi hujikusanya nyuma ya kizibo na inaweza kukirusha pamoja na plastiki ya nyuzi 220. Hakuna kusimama mbele ya tundu, hakuna kuchungulia. Kinga ya uso nzima, glavu za ngozi hadi kwenye kiwiko, mikono mirefu. Plastiki ikishika ngozi haipanguswi: weka chini ya maji baridi mengi, msiibandue, mpelekeni hospitali.

Bonge lililozunguka hita msilichome kwa moto wa gesi. Ncha hupoteza ugumu wake na waya wa thamokapo huungua. Washa hita ya nozeli kama bado nzima, au tumia bunduki ya hewa moto, bonge likilainika likate kwa kisu cha shaba na livute kipande kizima.

Mkishafunga ncha mpya, shoti ishirini za kwanza acheni kifuniko cha nozeli kikiwa na dirisha lake safi na mtu mmoja atazame ncha tu kwa tochi. Tone la kwanza likionekana, simamisha hapo hapo na rudia karatasi.