Mswaki wa usiku kwa mtoto: mara baada ya kula au wakati wa kupanda kitandani?

Mama Wawili: Habari za jioni, wanajamvi. Mwanangu wa miaka 4 hula saa moja na nusu na kulala saa tatu. Nikimsafisha meno wakati wa kulala huwa ameshaanza kusinzia, hulia, na usingizi wote humruka. Nikimsafisha mara baada ya kula hulala vizuri, ila baadaye hudai maziwa. Ninaomba mnilinganishie njia hizi mbili.

Baba Pacha: Mimi ninaunga mkono mswaki wa mapema. Maziwa yaende pamoja na chakula, kisha mswaki, na baada ya hapo ni maji matupu. Mtoto aliyekwisha kulainika kwa usingizi hukurupuka akipelekwa bafuni kwenye taa kali, kwa kuwa mwangaza huo huchelewesha homoni inayoleta usingizi.

Tabibu wa Meno: Njia zote mbili zinafaa, mradi kisiliwe wala kunywewa kitu chenye sukari baada ya mswaki. Mtu akilala mate hupungua sana, na bila mate ya kuisafisha, asidi inayotengenezwa na bakteria kutokana na sukari, ikiwemo ile ya maziwa, hukaa juu ya jino kwa saa nyingi. Ndiyo maana watoto wanaolala na chupa huoza meno ya mbele ya juu. Tumia dawa ya meno yenye floraidi, yaani madini yanayoimarisha meno: kiasi cha punje ya mchele kwa mtoto wa chini ya miaka 3, na cha punje ya njegere kuanzia miaka 3 hadi 6. Ateme povu bila kusukutua, ili floraidi ibaki. Nisisitize pia kwamba jino lililotoboka huweza kuuma zaidi mtoto akiwa amelala, kwa hiyo anayeamka akilia usiku achunguzwe kinywa kabla ya kuambiwa ni mdeko.

Nyanya wa Mvita: Mwanangu, usimwachie mswaki peke yake, mikono ya umri huo haifiki magego ya nyuma. Mlaze kichwa mapajani mwako, uinue mdomo wa juu kwa kidole, usugue taratibu penye ufizi.

Mama Wawili: Shikamoo, Nyanya, na asanteni nyote. Je, akizindukana usiku wa manane akitaka maziwa?

Tabibu wa Meno: Mpe maji kwa kikombe. Atalalamika siku za mwanzo, usilegee.