Hilux ya zamani haina INT: waipa za kufuta na kutulia nazipataje?

UyoleJuu: Wakuu, habari za jioni. Hilux ya 1993, volti 12. Mkono wa waipa (swichi ya pembeni mwa usukani) una LO (polepole) na HI (haraka) tu. Kwa haya manyunyu ya Uyole kwenda Tukuyu, ukiweka LO raba zinalia kwenye kioo kikavu, ukizima sekunde tano huoni mbele. Nataka ifute mara moja, itulie, ifute tena, muda niupange mwenyewe. Lazima mota ibadilishwe?

FundiWaya: Mota iache. Tafuta kwanza mkono wenye INT na kile kipete cha kuzungusha kupanga muda. Toyota nyingi za miaka ya 90 relei (swichi inayoendeshwa na umeme) ya INT imo humohumo ndani ya mkono. Toa negativu ya betri (kama usukani una eabegi, subiri sekunde 90), fungua kava za chini ya usukani, legeza skrubu za mkono, chomoa soketi, chomeka mwingine. Ukienda sokoni Mwanjelwa beba wa zamani mkononi, ulinganishe umbo la soketi na nafasi ya kila pini. Pini moja ikiwa pengine, usinunue. Na zile video za Marekani ziangalie kwa tahadhari, mikono yao ni ya usukani wa kushoto.

Kitonga4x4: Mbona mnazunguka? Kata waya wa LO, weka relei ya indiketa, kazi imeisha.

FundiWaya: Mkuu, hapo atakula fyuzi. Indiketa inapiga mara 60 hadi 120 kwa dakika, hiyo si INT, ni kifafa. Ubaya zaidi uko ndani ya mota. Ukizima waipa, mkono unaunganisha waya wa LO na waya wa S, ule unaorudisha waipa chini. Waipa zikiwa safarini, S ina volti 12. Zikifika chini, S inageukia bodi (negativu) ili mota ifunge breki. Sasa ukisukuma moto (volti 12) kwenye LO wakati huo, umeupeleka bodi moja kwa moja. Shoti.

UyoleJuu: Mikono niliyoonyeshwa soketi zote hazifanani. Nipe njia ya relei.

FundiWaya: Chukua relei ya miguu mitano (namba za miguu zimeandikwa kwenye relei), ampea 30, na kitaima cha volti 12 cha kujirudia ambacho muda wa kuwaka na wa kuzima vinapangwa kila kimoja peke yake. Kata waya wa LO kati ya mkono na mota. Upande wa mota funga 30, upande wa mkono funga 87a. 87 ipate moto wa swichi ya funguo kupitia fyuzi ya waipa. 85 bodi, 86 kwenye kitaima. Usipitishe mota kwenye karelei ka kitaima chenyewe, katayeyuka.

Kuwaka anza na sekunde 0.8. Ikiwa fupi mno, waipa zinashtuka na kubaki palepale. Ndefu mno, zinafuta mara mbili. Kuzima weka sekunde 3 hadi 15. Kizime kitaima kwanza kabla ya kuingia HI, la sivyo brashi mbili za mota (kaboni zinazoiingizia umeme, moja ya LO na moja ya HI) zinapata moto kwa pamoja. Rangi za waya usiziamini, tumia testa: mkono ukiwa LO, waya wa LO unakaa na volti 12 muda wote, S ni ule unaoshuka hadi sifuri kila waipa zinapopita chini.

Kitonga4x4: Sawa, la S sikulijua. Nimekubali.

Ndizi_Tukuyu: Kabla ya kukata waya wowote, toa mikono ya waipa kwenye kioo uzungushe ekseli zake kwa mkono. Grisi ikishakauka mota inakuwa nzito, na hizo sekunde 0.8 hazitoshi kuitoa chini. Utailaumu relei bure. Na lori likikurushia tope, zima INT. Piga maji kwanza, kisha LO. Raba ikifuta mchanga mkavu polepole inachora kioo.