Jerbera zangu zinaoza katikati, naomba ushauri

Wamama, wapapa na wandugu wote, hamjambo. Niko Goma, na ninaomba msaada kwa wanaojua maua.

Mwezi wa tatu nilipanda miche minne ya jerbera, lile ua la jamii ya alizeti linalodumu miaka. Parseli yetu iko juu ya lava ya 2002, yale mawe yaliyomwagwa na volkano ya Nyiragongo, kwa hiyo nilinunua udongo mweusi, nikaumwaga juu ya jiwe. Kina chake hakifiki sentimita 25. Zilichanua vizuri sana, nyekundu na za machungwa, hata majirani walikuwa wanasimama kwenye lango kuziangalia.

Tangu mvua za mwezi wa tisa zianze, majani yanalegea hata kama udongo umelowa. Ukivuta jani, linatoka lote, na pale linapoanzia pamekuwa pa kahawia na panateleza. Miwili imekufa. Nilipong'oa mmoja, mizizi ilikuwa imelainika na inanuka. Niliacha kumwagilia, nikakata majani mabovu, nikanyunyiza majivu. Haikusaidia. Naona pia nilifukia mno, udongo umefunika moyo wa mche, pale katikati majani yanapotokea, na hilo linanisumbua sana.

Naomba mnijibu mawili. Hii miwili iliyobaki, niing'oe sasa hivi niipande juu zaidi, moyo ukiwa nje ya udongo, ama kuihamisha wakati wa mvua kutaimaliza? Na nikichanganya udongo na changarawe ya lava ili maji yapite, nitie kiasi gani kwa ndoo moja?

Asanteni sana.