Goti linauma wakati wa kushuka: Meru siku tatu au nne?

BintiRau: Habarini wakuu, niko Moshi. Kikundi chetu cha kazini kinapanda Mlima Meru baada ya wiki nane, na wengi wanataka siku tatu ili kuokoa likizo. Goti langu la kulia linauma kwa mbele nikishuka ngazi, kupanda haliniumi. Halijavimba, na daktari ameniruhusu kutembea. Pia sijawahi kuvuka mita 3,000, naogopa kuumwa kichwa huko juu. Niende?

PolePoleMomella: Nenda dada, ila kwa siku nne. Piga hesabu ya kushuka, maana huko ndiko goti linakolalamika. Kilele kiko kwenye mita 4,560 na ushee, kibanda cha kwanza cha kulala, Miriakamba, 2,514, geti la Momella mnakoanzia kama 1,500. Kwa siku tatu, mnatoka kileleni hadi getini siku moja: mita 3,000 za mteremko, tena baada ya kuamka usiku wa manane. Kwa siku nne mnalala Miriakamba, kwa hiyo siku ya kilele unashuka kama mita 2,000, na 1,000 zinabaki za kesho yake. Wenzako wakikataa, ni heri ugeuzie Saddle Hut, kibanda cha pili, 3,570, kuliko kulazimisha.

Wiki nane zinatosha kuimarisha paja. Simama kwenye kidato cha sentimita 20, shusha mguu mmoja polepole kwa kuhesabu hadi nne, kisigino kiguse tu chini, kisha urudi. Mara kumi kila mguu, seti tatu, siku tatu kwa wiki. Goti lisiingie ndani kuelekea goti jingine. Likiingia, punguza kimo cha kidato. Maumivu yakibaki hadi asubuhi ya pili, umezidisha.

Fimbo chukua mbili. Kwenye tambarare kiwiko kiwe pembe mraba. Mkianza kushuka, zirefushe sentimita 5 hadi 10, zitangulie mbele ya mguu. Hatua fupi, goti limekunjwa kidogo. Watu huumia kwa sababu wanateremka mbio kwenye majivu ya volkano na kufunga breki kwa goti lililonyooka.

Dawa_na_Mlima: Naongezea kuhusu dawa. Usimeze ibuprofeni kutwa nzima huku hunywi maji wala huli. Figo ndizo zinazolipa. Mafuta ya kuchua ni salama zaidi. Kuhusu kichwa: Diamox, vidonge vya kuzuia ugonjwa wa mwinuko, miligramu 125 mara mbili kwa siku, kuanzia siku moja kabla ya kupanda, husaidia mwili kuzoea. Utakojoa sana na vidole vitachonyota. Mwenye mzio wa dawa za salfa amuulize daktari kwanza. Kichwa kikiuma kidogo, pumzika, kunywa maji, meza parasetamoli. Kisipotulia, usipande zaidi. Ukiyumba ukitembea kisigino kwa kidole kwenye mstari, au ukahema sana umekaa tu, shuka wakati huohuo, hata kama ni usiku.

BintiRau: Asanteni sana. Nao ukingo wa Rhino Point, juu ya Saddle Hut, tunaoupita usiku? Giza linanitisha.

PolePoleMomella: Kuna mwamba unaoinamia upande mmoja, na alfajiri unaweza kuwa na barafu nyembamba. Usikimbilie, shika mwamba kwa mikono, fimbo zining'inie mkononi au zifungwe begini. Betri za tochi ya kichwani ziwe mpya, na za akiba zikae mfukoni karibu na mwili, kwani baridi huzidhoofisha. Mwambie askari wa hifadhi mapema, pale Momella, kwamba utakuwa wa taratibu, ukae nyuma yake tu. Kundi linatembea pamoja kwa sababu ya nyati, hivyo ukiwa mkiani utakuwa unakimbizana na wenzako tangu mwanzo.

Njia_ya_Marangu: Wewe uko Moshi, basi jaribu kwanza njia ya Marangu ya Kilimanjaro, geti hadi kibanda cha Mandara na kurudi siku hiyohiyo. Geti liko kwenye mita 1,860 hivi, Mandara 2,720, kwa hiyo unashuka kama mita 860 mfululizo. Fanya wiki ya tano, na viatu vilevile na begi lilelile. Kata kucha, na kabla ya kushuka kaza kamba kifundoni ili vidole visigonge mbele. Goti likivimba jioni ile, bado una wiki tatu za kumrudia daktari.